Bwawa la Nyerere limeisha, mbona Moshi umeme bado mdogo?

SWALI: Shikamoo kaka. Nina saluni hapa Moshi. Tuliambiwa bwawa likiisha shida za umeme basi, sasa limeisha na bado saa moja jioni, wateja ndo wamejaa, draya haipati moto. Halafu nasikia tunanunua umeme Ethiopia! Kwani wetu hautoshi?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Umeme upo, mashine 9 za megawati 235 ni 2,115, na Machi 2024 mashine ya kwanza tu ilipowaka na mvua zikawa nyingi, vituo vingine vya umeme wa maji vikazimwa maana umeme ulizidi. Ila bwawa liko Rufiji na we uko Moshi, umeme ukisafiri mbali unapotea njiani kama joto na volti zinashuka, hasa jioni kila mtu akiwasha. Rais Samia mwenyewe alisema Machi 2025 upotevu wa kuufikisha Kaskazini unakula kama shilingi bilioni 32 kwa mwaka.

Utaniuliza, Ethiopia si mbali zaidi? Ni mbali ndio, ila laini yake mpaka Kenya, zaidi ya kilomita 1,000, ni ya DC, yaani umeme unaokwenda upande mmoja tu, ya kilovolti 500, inapoteza kidogo. Kutoka Kenya kuna ya kilovolti 400, Isinya mpaka Singida, inapita Arusha, iliwashwa Desemba 2024. Mimi hiyo ya kununua Ethiopia naiunga mkono kabisa.

Kinachoninyima usingizi ni maji. Mgao wa 2022 na 2023 ulichangiwa sana na ukame, na umeme wa Ethiopia nao mwingi ni wa mabwawa, kwa hiyo mradi wa umeme wa jua wa Kishapu, Shinyanga, na betri za kuhifadhi umeme tuvikazanie sasa hivi, tusingoje mito ikauke. Na gridi, yaani mitandao ya umeme ya nchi hizi, zikishaungana, hitilafu ya huku inaweza kufika kule kama mitambo ya kinga haiko vizuri, we kumbuka 1 Aprili 2024 hitilafu ya gridi yetu wenyewe ilivyotia giza karibu nchi nzima.

Ila shida ya draya yako nahisi zaidi ni transfoma ya mtaa, huenda imebebeshwa nyumba nyingi kuliko uwezo wake, na hilo hata mabwawa kumi hayaliponyi. Ongea na majirani mpeleke malalamiko TANESCO kwa maandishi, mwombe wapime volti saa moja jioni. Inatakiwa iwe karibu 230. Wakija saa nne asubuhi watakuta iko sawa na wataondoka zao.