Uliza Mjomba: Thati-thati, foti-faivu sevente, na ganda lisilo na shingo

Barua za mwezi huu karibu zote ni za kuwinda, nadhani ni baridi imeanza kuingia na watu wameona majirani zao wanatoa makoti ya rangi ya chungwa. Haya tuanze.

Mjomba shikamoo. Niko Columbus, Ohio, mwaka wa nne sasa, nafanya kazi weahausi. Kuna mzee mmoja mzungu tumezoeana sana pale kazini, kanialika shambani kwao huko kusini tukawinde kulungu msimu wa bunduki ukifunguliwa baada ya Thanksgiving (ile sikukuu yao ya Novemba), ila anataka nije na bunduki yangu. Mimi nazipenda zile leva-aksheni, za makauboi, unavuta ule mkono wa chini chaka-chaka risasi inapanda. Sasa ugomvi: mzee anasema nichukue ya risasi aina ya .45-70, jamaa mwingine katokea Pennsylvania anaapa kwa mama yake hakuna kama .30-30, na mimi kwenye duka la rehani nimeona Marlin 336 ya .30-30 safi kabisa, bei inaongeleka. Niichukue? Na ipi kati ya hizo inaangusha kulungu vizuri?
*Baba Watoto, Columbus*

Marahaba mpwa wangu. Hiyo Marlin iache hapohapo dukani kwanza, usitoe hata senti. Si kwamba ni mbaya, ni bunduki nzuri sana, shida ni kwamba kwa kulungu wa Ohio haikubaliki kisheria, na huyo jamaa wa Pennsylvania hana kosa, kwao inaruhusiwa ndiyo maana hata wazo halikumjia.

Ngoja nikueleze maana hapa wageni wengi tunanaswa. Miaka yote Ohio ukitaka kuwinda kulungu kwa bunduki ilikuwa shotigani, gobole la kushindilia baruti kwa mdomo, au bastola, basi, raifo hapana, kwa sababu nchi yenyewe ni mashamba na nyumba za watu zimetawanyika na risasi ya raifo inakwenda mbali mno. Mwaka 2014 ndiyo wakalegeza, wakasema raifo ruksa lakini risasi yake iwe na ganda lililonyooka, na sheria ikaja kukaa kwamba unene wa kichwa cha risasi uanzie .357 ya inchi usizidi .50. Ganda lililonyooka maana yake nini, chukua chupa ya soda na bilauri uziweke mezani. Chupa ina mabega halafu shingo, bilauri imenyooka tu. Risasi za mtindo wa chupa zina baruti nyingi inasukuma kichwa chembamba, kinakimbia sana na kinafika mbali. Za mtindo wa bilauri kichwa ni kinene, kinakwenda polepole kidogo, kinaanguka mapema. .30-30 ina shingo. Ndogo, lakini ipo, na tena unene wake ni .308 kwa hiyo imefeli mara mbili.

Na inauma maana kihistoria .30-30 ndiyo yenyewe hasa. Kampuni ya Winchester waliitoa 1895 kwa ajili ya ile Modeli 1894 aliyoibuni John Browning, ikawa risasi ya kwanza ya kuwindia ya Kimarekani iliyotengenezwa kwa baruti isiyo na moshi katika kaliba (yaani unene wa kichwa cha risasi) ndogo namna ile. Bunduki zenyewe za 94 zimeuzwa zaidi ya milioni 7. Kwa hiyo ukimsikia mzee yeyote wa Kimarekani anasema babu yake alikuwa na thati-thati, ndiyo hiyo .30-30, mwamini tu, huenda babu za mtaa mzima walikuwa nazo.

Sasa zilizobaki kwako. Hiyo .45-70 ya mzee inapita sheria, ganda limenyooka kama fimbo. Ni risasi ya jeshi la Marekani ya mwaka 1873, jina lake linajieleza, kaliba .45 na greini 70 za baruti nyeusi nyuma yake (greini 15 na kitu ndiyo gramu moja), na kichwa cha zamani kilikuwa greini 405, yaani gramu 26 za risasi zinakuja kwako. Marlin waliirudisha 1972 kwenye bunduki yao inayoitwa Modeli 1895 na mpaka leo watu wanaipenda. Inaangusha kulungu? Inaangusha kulungu, dubu, na hata nyati wa Marekani iliwaangusha. Ila mimi sikushauri uanze nayo na sababu ni moja tu, teke. Mara ya kwanza niliyoipiga mimi nilikuwa nimekaa kwenye benchi, nimeegemea vizuri kama mtu anayejua, risasi ya tatu nikaanza kufumba macho kabla sijavuta, ya tano nikasema nimeshiba, na lile karatasi la shabaha nililikosa kabisa kutoka yadi 100. Mtu anayefumba macho hapigi kulungu mahali pake, anamjeruhi akafie msituni huko usimwone, na hilo ndilo jambo baya kuliko yote. Tena ukiilenga sawasawa kwa yadi 100, kwenye yadi 200 inakuwa imeshaanguka zaidi ya futi moja, kwa hiyo huo ukubwa wote haukusaidii kupiga mbali.

Ukitaka nikwambie mimi ningefanya nini, ningetafuta .44 Magnum. Ndiyo, hiyohiyo ya bastola, ilitoka 1955 kama risasi ya bastola, lakini ukiiweka kwenye leva-aksheni yenye mtutu mrefu inapata nguvu mpya, kichwa cha greini 240 kinatoka kwenye mita 530 hivi kwa sekunde. Mpaka yadi 100 kulungu haendi popote. Na kusini mwa Ohio huko ni vilima na vichaka, kulungu wengi utawaona wako yadi 40, 60, hutaona hata hizo 100. Bunduki yenyewe fupi, nyepesi, teke lake unalivumilia ukapiga risasi 20 za mazoezi mchana mmoja na bado unacheka. Hapo kwenye mazoezi ndipo kulungu anapopatikana, siyo kwenye ukubwa wa namba.

Ipo pia .360 Buckhammer, hii mpya, Remington wameitoa 2023, na ukiiangalia utacheka kwa sababu walichofanya ni kuchukua ganda la .30-30 wakalinyoosha shingo, wakaweka kichwa cha .358, wakapeleka kwenye majimbo kama lako yenye sheria ya ganda lililonyooka. Greini 180 kwa mita 730 kwa sekunde, yaani spidi ya thati-thati lakini kichwa kizito zaidi, na inaingia kwenye leva-aksheni vizuri, Henry wanazitengeneza. Kama moyo wako uko kwa thati-thati na unaishi Ohio basi hii ndiyo mtoto wake halali. Ubaya wake ni ugeni tu, kabla hujanunua bunduki pita kwanza madukani uone risasi zake zipo kwenye shelfu au unaambiwa njoo wiki ijayo. .357 Magnum inaruhusiwa pia, imegusa mstari kabisa, lakini hiyo mimi namwachia mtu aliyezoea na anayejizuia asipige mbali. .444 Marlin ya 1964 ni kali, inataka bega. .38-55 ni ya wazee wanaokusanya vitu vya kale.

Mambo ya karatasi haraka haraka. Kozi ya usalama wa uwindaji ufanye kabla ya kukata leseni, na ruhusa ya mwenye shamba uwe nayo kwa maandishi hata kama ni rafiki yako wa kazini. Fulana au koti la chungwa linalowaka ni lazima. Bunduki isiwe na risasi zaidi ya 3 kwa jumla, chemba (inapokaa risasi ya kupigwa) na magazini (zinaposubiri nyingine), na hapa leva-aksheni inadanganya maana lile bomba chini ya mtutu linameza 6 au zaidi bila kukuuliza, kwa hiyo hesabu mwenyewe. Kama una grini kadi unaruhusiwa kununua bunduki, ila kama uko kwenye viza ya muda usiguse fomu ya dukani kabla hujaongea na wakili, kosa kwenye ile fomu linaweza kukurudisha Kariakoo. Na kijitabu cha sheria za uwindaji cha jimbo kinatoka kila mwaka, soma cha mwaka huu usisome cha shemeji yako.

Mjomba habari. Mimi niko Pittsburgh, mume wangu ni wa hukuhuku, ameachiwa na marehemu baba yake bunduki mbili, Winchester 94 ya .30-30 na Marlin 336 ya .35 Remington. Anasema nichague moja niende naye msimu huu. Mimi ni mwembamba, kilo 54, sijawahi kuwinda. Nichukue ipi?
*Mama Mdogo, Pittsburgh*

Mama, uko Pennsylvania, huko sehemu kubwa ya jimbo zote mbili ruksa, hapo umemshinda Baba Watoto, ila siyo ndani ya kaunti yenu ya Allegheny, kwa hiyo mtoke nje yake. Chukua thati-thati. .35 Remington ni risasi tamu sana, ya tangu 1906, kichwa greini 200, porini kwenye miti minene watu wanaisifu mpaka machozi na mimi siwabishii, ila siku hizi kuitafuta dukani ni kazi, na anayeanza anahitaji risasi nyingi za kujifunzia. .30-30 unaikuta karibu kila mahali. Chukua ya greini 150, ukiirekebisha shabaha ipige sawasawa kwenye yadi 100 basi kwenye 200 imeshuka kama inchi 8, kwa hiyo jiwekee mwisho wako 150 na uridhike.

Teke lake la kati tu, litakusukuma halitakuangusha. Lakini kitu ambacho ningekwambia ukae nacho jioni nzima na mumeo, bunduki ikiwa tupu kabisa, ni nyundo, kile chuma cha nyuma kinachofyatuka na kuwasha risasi. Winchester za zamani hazina kufuli ya usalama pembeni, usalama ni ile nyundo kuiweka nusu, na kuishusha unaishikilia kwa kidole gumba huku unavuta kifyatulio. Asubuhi ya baridi kidole kimekufa ganzi, umevaa glavu nene, nyundo inateleza na risasi inatoka, na hivyo ndivyo watu wanavyojipiga mguu. Kumwaga risasi nayo ni hivyohivyo, nyingi unazipitisha zote chemba moja baada ya nyingine, kwa hiyo mdomo wa mtutu uangalie pasipo na mtu mwanzo mpaka mwisho. Na kama mnataka kuweka darubini, Winchester za kabla ya miaka ya 80 zinatupa ganda juu, litagonga darubini. Marlin inatupa pembeni. Kwa hilo tu ndiyo ningesema .35 imeshinda.

Halafu mmoja ameniuliza kwa simu mbona naita kulungu, kulungu si yule wa kwetu mwenye pembe za kujisokota? Kweli kabisa, na huyu wa Marekani pembe zake zinaanguka kila mwaka zinaota nyingine, ni ukoo mwingine kabisa ambao kwetu kusini ya Sahara haupo. Lakini jina lishashika, tuliache.

Mjomba, kwa nini risasi za leva-aksheni nyingi zina pua bapa? Naweza kuweka za ncha kali ziende mbali zaidi?
*Kijana wa Minneapolis*

Usithubutu. Kwenye lile bomba risasi zimelala foleni, pua ya hii imegusa kitako cha ile, na kitakoni ndipo ilipo fataki inayowasha baruti. Bunduki ikipiga teke, ncha kali inaweza kugonga fataki ya mbele yake na magazini ikalipuka mkononi mwako. Ndiyo pua zikafanywa bapa. Kiwanda cha risasi cha Hornady tangu 2006 wanatengeneza zenye ncha ya plastiki laini inayobonyea, hizo sawa, zimetengenezwa kwa kazi hiyo na kweli zinafika mbali kidogo zaidi. Nyingine zenye ncha waachie wenye magazini isiyo ya bomba, kama Browning BLR yenye boksi au ile Savage 99 ya zamani yenye magazini ya kuzunguka.

Mjomba mimi niko Mombasa, nasoma tu hizi habari zenu. Hizo bunduki za kauboi zishawahi kufika kwetu?
*Msomaji wa Likoni*

Zimefika na zimeshuka hapohapo Mombasa ndugu yangu! Aprili 1909, Theodore Roosevelt, ametoka tu kwenye urais wa Marekani mwezi mmoja nyuma, kashuka bandarini na mwanawe Kermit na silaha za kila namna, na kati yake kulikuwa na leva-aksheni Winchester Modeli 1895 ya risasi ya .405. Hiyo haina bomba, ina magazini ya boksi, na yeye aliipenda hasa kwa simba. Leo usijaribu, Kenya uwindaji ulipigwa marufuku 1977, kwa hiyo endelea kusoma tu.

Halafu nimeangalia hiyo .405 vizuri, ganda lake limenyooka, kichwa .411, yaani bunduki ya simba wa Roosevelt ni halali kabisa kwa kulungu wa Ohio. Baba Watoto, ukiikuta pale kwenye duka lako la rehani nipigie simu mimi kwanza.