Kamasi ya kijani na amoksilini iliyobaki

SWALI: Shikamoo. Mwanangu wa miaka mitatu ana mafua, leo siku ya nne. Kamasi ilikuwa nyepesi, sasa ni nzito ya kijani. Jirani anasema hao ni bakteria, nimpe amoksilini ya maji iliyobaki tangu mwezi juzi. Nimpe?
Mama wa Chumbageni, Tanga

JIBU: Marahaba, mama. Usimpe, tafadhali. Kijani hicho kinatokana na seli nyeupe za damu yake mwenyewe; hutokea hata kwenye mafua ya virusi, na mafua ya watoto karibu yote ni ya virusi.

Mimi ni mtu wa maabara. Nikipaka makohozi kwenye kioo, nikatia rangi ya zambarau, ayodini, nikasuuza kwa spiriti na kumalizia na rangi nyekundu, bakteria nawaona kwa hadubini ya kukuza mara 1,000. Wenye ukuta mnene hubaki zambarau, wengine huwa wekundu. Amoksilini huvuruga ujenzi wa ukuta huo, bakteria akapasuka.

Virusi vya mafua sivioni kabisa kwa hadubini hiyo. Rhinovirusi, mojawapo ya virusi hivyo, ina nanomita 30 hivi, wakati bakteria wengi wana nanomita 1,000 na zaidi. Haina ukuta, na haijizalishi yenyewe: huingia kwenye seli za pua ya mtoto, seli hizo ndizo zikaitengenezea nakala. Sasa amoksilini ikavunje nini hapo?

Itakaowapata ni bakteria wa tumboni wasio na kosa, ndiyo maana watoto wengine huharisha. Wanaonusurika ni wale sugu. Hili linaniuma, maana naliona: naweka kikaratasi chenye dawa juu ya sahani ya kuoteshea bakteria. Dawa ikiwaweza, pembeni hapaoti kitu. Sahani nyingine wanaota mpaka wanakigusa kikaratasi, na mgonjwa anasubiri majibu wodini.

Tena dawa hiyo ikishachanganywa na maji haikai zaidi ya wiki moja au mbili. Irudishe duka la dawa.

Mpe maji na supu mara kwa mara, na mdondoshee puani matone ya maji ya chumvi ya dukani. Akiwa ametulia, hesabu pumzi zake dakika nzima. Zikifika 40 au zaidi, au kifua kikibonyea ndani anapovuta pumzi, au akishindwa kunywa, akitapika kila kitu au kupata degedege, mpeleke kituo cha afya saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku.