Baba yake babu alikuwa Muayalandi, nianzie wapi?

Shikamoo Shangazi. Mimi niko Kisauni. Babu yangu mzaa baba alizaliwa na Mzungu wa relini, na siku zote tunaambiwa tu alikuwa Mngereza, sasa juzi shangazi yangu wa Likoni, ana miaka 81, akatoa picha kwenye sanduku la marehemu babu, nyuma pameandikwa jina la huyo Mzungu na neno Cork. Kumbe Muayalandi! Nimemtafuta mtandaoni mpaka macho yanauma, wenye jina hilo ni wengi mno. Nyumbani wananambia niachane naye, ati hakututaka. Nifanyeje?
Mjukuu, Kisauni

Marahaba mwanangu. Usiachane naye. Kama aliwataka au hakuwataka hilo hamna anayelijua bado, na yule ni mzee wenu kama wazee wengine.

Ila umeanzia mbali. Vuka feri urudi kwa shangazi yako, kaa naye, muulize nani alimlea babu, alibatizwa kanisa gani, yule Mzungu alizikwa na nani, kuna dada au mama aliyekuwa akimtaja kwa jina? Akikubali mrekodi kwa simu. Halafu nenda parokiani uombe daftari la ubatizo wa babu. La zamani laweza kuwa kwa Kilatini, James anaandikwa Jacobus, na ukikuta pater ignotus maana yake baba hajulikani, usivunjike moyo, waliozaliwa nje ya ndoa waliandikwa hivyo hata pale mtaa mzima unamjua baba. Tazama na majina ya wasimamizi.

Na hilo la kuitwa Mngereza lisikubabaishe, manake mpaka 1922 Ayalandi yote ilikuwa chini ya Uingereza, kwa hivyo makaratasi ya huku yatamwita hivyo hivyo.

Sasa Cork ni mji na pia ni kaunti kubwa sana, jina peke yake halikufikishi, unatafuta parokia au kijiji, na jina la mamake ndio ufunguo. Kama alikuja wakati reli inajengwa, 1896 mpaka 1901, basi yamkini alizaliwa baada ya 1864, mwaka ambao Ayalandi ilianza kuandikisha vizazi vyote, na vyeti hivyo vya zamani viko mtandaoni bure, serikali yao imeviweka. Daftari za parokia za Kikatoliki nazo ziko kwenye Maktaba ya Taifa ya Ayalandi, bure pia. Jina likianza na O' litafute na bila hiyo O', watu walikuwa wakiitoa na kuirudisha.

Sensa zao za 1821 hadi 1851 karibu zote ziliungua Dublin mwaka 1922, zilizobaki nzima ni ya 1901 na 1911. Utaniambia mzee alikuwa tayari huku Mombasa, kweli, lakini wewe tafuta nyumba aliyoiacha! Ile ya 1911 iliuliza kila mke amezaa watoto wangapi na wangapi wako hai. Nilikaa na familia moja ya Majengo tukaifungua fomu ya nyumba yao, mama kazaa 9, hai 8, na waliolala nyumbani usiku ule ni 3 tu, bibi mmoja akaweka kidole kwenye ile 8 akasema huyu babu yetu yumo humu, mamake alimhesabu. Tulinyamaza wote.

Kipimo cha DNA ni ghali, ukijaliwa apimwe shangazi yako kwanza, yeye ana robo hivi ya damu ya yule mzee na wewe una nusu ya hiyo, lakini mueleze vizuri na akubali mwenyewe.

Hiyo picha ipige pande zote mbili leo leo, wino unafifia. Ukipata jina la mamake niandikie, tuitafute hiyo nyumba pamoja.