Maalim, simu yangu haijui kusoma tarehe

Wiki hii barua nyingi zinahusu programu zinazosoma maandishi kwa sauti.

Kaka yangu haoni, husomewa habari na simu. Ilipofika 1964 ikasema "kumi na tisa sitini na nne". Sawa hiyo? (Wete)

Si sawa, mwanangu. Kuukata mwaka vipande viwili ni desturi ya Kiingereza. Kwetu mwaka ni elfu moja mia tisa sitini na nne. Naam, ni mrefu, na barazani tunasema "Mapinduzi ya sitini na nne" tukaelewana. Lakini barazani tunajuana. Mashine ikisema "tisini na sita" tu, utajuaje kama ni juzi, 1996, au ni 1896, Waingereza walipolipiga mizinga kasri la Seyyid Khalid kwa dakika kama 38? Isome yote. Palipoandikwa '64, hapo ndipo ifupishe.

Tarehe 1 ni moja au mosi? (Mkunazini)

Mosi. Na 2 ni pili. Kuanzia 3, hesabu ya kawaida.

Mbona yangu husema "miaka mbili"? Inaniudhi! (Makunduchi)

Hata mimi. Tarakimu haina ngeli, basi programu lazima itazame neno lililotangulia kabla ya kufungua mdomo: siku mbili, watu wawili, miaka miwili. Moja hadi tano, pamoja na nane, hufuata ngeli. Sita, saba, tisa na kumi hazibadiliki. Kwa hiyo miaka 58 ni hamsini na minane, lakini miaka 59 ni hamsini na tisa, basi.

Pana mtego hapo. "Mwaka 2002" ni elfu mbili na mbili, wala si "miwili", maana hapo hatuhesabu miaka, tunautaja mmoja kwa jina lake. Mtengenezaji asiyeitambua tofauti hii atairekebisha "miaka 2" na kuiharibu "mwaka 2002" siku hiyo hiyo.

7/8 ni Julai au Agosti? (Chake Chake)

Hapa kwetu siku hutangulia: tarehe saba, mwezi wa nane. Wamarekani hutanguliza mwezi, na simu iliyowekwa Kiingereza cha kwao husoma kwa mpango huo. Ibadilishe kwenye mipangilio. Wewe unayeandika mwaliko, andika "7 Agosti" yaishe. Mimi nimeshawahi kufika harusini mwezi mzima kabla, na kanzu nimepiga pasi.

Tangazo la maulidi liliandikwa "12 Mfunguo 6, 1447 H". Simu ikasema Juni! (Mkokotoni)

Ilibahatisha. Mfunguo Sita ni Rabiul Awwal: tunahesabu toka Mfunguo Mosi, yaani Shawwal, Ramadhani ikishakwisha. Isomwe "kumi na mbili Mfunguo Sita, elfu moja mia nne arubaini na saba Hijria". Hiyo H nayo ni neno zima. Isitamkwe kama herufi.