Jibu: Naimba kwaya kila Jumapili lakini moyo mkavu

Bwana Yesu asifiwe, dada. Umesema miaka 6 hukosi ibada wala mazoezi ya kwaya, fungu la kumi unatoa, lakini ukifumba macho kuomba ni kama unaongea na ukuta. Nimepita hapo hapo.

Usikimbilie kuongeza mifungo. Angalia kwanza kama kuna mtu hamsemeshani. Mimi niliimba besi mwaka mzima nikitazama kola ya joho la ndugu aliyesimama mbele yangu, ambaye nilikuwa nimemdhulumu 40,000 yake. Soma Mathayo 5:23-24 polepole: sadaka inaachwa madhabahuni, mtu anakwenda kupatana kwanza. Nilimfuata kwake Jumamosi jioni na pesa mkononi, natetemeka. Kesho yake wimbo ule ule ulinikwama kooni kwa machozi.

Halafu omba bila yale maneno uliyoyazoea. Mimi nilianza na, "Bwana, sina hamu na wewe." Ilikuwa kweli, na ndiyo sala yangu ya kwanza baada ya muda mrefu.

Kwaya usiiache. Ila kama hata usingizi umepotea, muone mchungaji, na daktari pia.