Jibu: Anaimba silabi lakini hasomi

Dada, umesema kijana wako wa darasa la kwanza anaimba "ba be bi bo bu" vizuri, ila ukimwandikia "bibi" anakodoa macho. Huyo amekariri wimbo tu, herufi bado. Kata boksi la sabuni vipande vinne, andika ka, ta, ma, li, kisha uvichanganye. Mwache aunge mwenyewe: kata, taka, mali, lima, hata kamata. Akigeuza "kata" ikawa "taka", utamwona anacheka! Mb, nj na ng' zisubiri. Dakika kumi zinatosha. Akipiga miayo, acha. Kwa somo la hesabu, maharage ya jikoni yatafaa kuhesabia. Tuisheni ya jioni kwa mtoto wa miaka sita? Mimi siipendi kabisa. Muulize mwalimu wamefikia silabi zipi.