Bekereli nyingi ardhini, chache kwenye mavuno: inawezekanaje?

Mleta mada anauliza kwa nini mashamba mawili yaliyoangukiwa na vumbi lilelile la mionzi yatoe mazao tofauti, moja yanalika na jingine hayafai, na kama dawa ni kukwangua udongo. Nimefanya kazi maabara ya udongo, nijibu ninavyojua.

Mkuu, bekereli (kipimo cha mionzi) za ardhini peke yake zinadanganya. Uliza kwanza sesiamu-137, ile elementi ya mionzi iliyomo kwenye vumbi hilo, imeshikwa na nini. Udongo wa mfinyanzi wenye madini ya jamii ya maika, hasa ilaiti, una matabaka membamba yaliyobanwa na potasiamu. Kingoni, palipochakaa, matabaka yameachana kidogo. Sesiamu hupenya hapo, huvua maji yaliyoizunguka, na matabaka huifungia ndani. Mzizi ukija, hauna cha kuchukua.

Maabara inaonekana wazi. Udongo uliotiwa sesiamu unautikisa na maji ya chumvi ya amonia, unachuja, unapima. Wa mfinyanzi, maji yanatoka karibu matupu. Karibu mionzi yote iko kwenye tope lililoganda juu ya karatasi ya chujio. Mboji ya kinamasi ni kinyume, sehemu kubwa inashuka na maji, kwa sababu mboji huishika sesiamu juujuu tu. Ndiyo maana baada ya ajali ya kinu cha nyuklia cha Chernobyl, 1986, malisho ya udongo wa aina hiyo yalisumbua muda mrefu kuliko mashamba ya mfinyanzi, na kondoo wa milima ya Wales waliwekewa vizuizi hadi 2012.

Halafu potasiamu. Mmea wenye njaa ya potasiamu hubeba na sesiamu, maana zinafanana. Fukushima, Japani, baada ya ajali ya nyuklia ya 2011, wakulima wa mpunga waliambiwa wafikishe miligramu 25 za potasiamu (ikihesabiwa kama oksidi yake, K2O) kwa kila gramu 100 za udongo. Ukishafika hapo, kuongeza mbolea hiyo ni kupoteza hela tu.

Kukwangua kunafaa kama shamba halijalimwa, kwa kuwa sesiamu hukaa sentimita chache za juu. Ila unaondoka na rutuba nyingi, na lile rundo la udongo utalipeleka wapi? Shamba likishalimwa, sahau.

Strontiamu-90, elementi nyingine ya mionzi, ni kesi nyingine kabisa: inafuata njia ya kalsiamu, mfinyanzi hauifungii hivyo. Kwenye udongo wenye asidi, dawa yake ni kutia chokaa.

Na mbolea za amonia usizimwage ovyo. Amonia hugombea nafasi zilezile za kingoni na kuisukuma sesiamu irudi kwenye maji ya udongo.